Kurwa na Doto

Makopo mawili, nusu lita kila moja,
niliyabeba toka Barabara ya Kirinyaga hadi South B.
Muuzaji alishaniambia, akisugua kifuniko kwa kidole:
"Dada, hizi ni shilingi kwa ya pili,
utajitesa bure."
Moja limeandikwa Ukungu wa Limuru. La pili, Jivu Changa.
Nikalipia yote, nikaenda kujitesa.

Fundi Mutinda akapaka viraka viwili ukutani,
kila kimoja upana wa chapati,
akarudi nyuma, akafumba jicho moja,
akalifumbua, akafumba lingine.
"Huyu Kurwa," akasema, "huyu Doto,
na hata aliyewazaa angewakosea majina."
Ananidai jibu. Ananidai na pesa ya chai.

Ni Julai. Nairobi yote imepakwa rangi hii hii
bila kuniuliza.
Asubuhi Ukungu unanyemelea ubuluu,
saa saba unageuka, unajifanya mweupe;
Jivu linakaa tu, kama mgeni asiyetaka kusumbua.
Jengo la mkabala limeezekwa mabati mekundu:
mawingu yakipasuka saa kumi
viraka vyote viwili vinaona haya kwa dakika tano.
Kisha stima ikapotea
nikavitazama kwa tochi ya simu, magoti sakafuni,
mtu mzima, mwenye digrii, mwenye mkopo wa Sacco.

Si rangi, najua.
Chumba hiki tulikipanga, mimi na Ombati, kiwe cha mtoto.
Tulibishana ni njano gani.
Ombati sasa yuko Eldoret, na njano yake.
Anayekuja chumbani ni Mama, Jumamosi,
katolewa mtoto wa jicho, kushoto na kulia,
na daktari ameonya: asikutane na mng'ao mkali.

Akafika Ijumaa, na kuku kapuni.
Alivua miwani myeusi mlangoni pa chumba,
akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kuugusa,
harufu ikampa chafya mbili.
"Hili ni jivu la moto uliojifia wenyewe," akasema.
"Hili lingine, moto ulimwagiwa maji."
Mutinda akainamisha kichwa kama yuko kanisani.
"Sasa wewe unataka lipi, Mama?"
"Mimi nitalala nimeyafumba.
Aliye macho usiku ni wewe, Kerubo."

Tukapaka Jivu Changa, mara mbili,
madirisha wazi, kuku akilalamika jikoni.
Lakini nyuma ya kabati, chini, karibu na soketi,
nilimwambia Mutinda auache Ukungu, ule upana wa chapati.
Hakuuliza.
Aliuzungushia brashi taratibu
kama anayemkwepa mtu aliyelala.