Kondoo Wawili

Barua ilisema: mradi umefikia tamati.
Tamati! Barafu haina habari,
inayeyuka vilevile, bila bajeti.

Cholponai aliuza kondoo wawili,
akanunua petroli, mkate, betri,
akaikwea milima ya Kirgizia
hadi kwenye fito alizozichomeka na marehemu baba yake.

Mwaka jana ufito ulichungulia shibiri tatu.
Leo umemfika kifuani.

Angeweza kuwangoja wafadhili.
Lakini mwaka usiopimwa haukopeki;
hubaki pengo daftarini,
na ulimi hulirudia, hulirudia.

Akatoa penseli (wino huganda huku),
akapuliza vidole,
akaandika: mia moja thelathini na mbili.

Bondeni, mtu asiyelijua jina lake
alikuwa akimwagilia viazi.