Ujumbe kwa Nambozo

Nimeufuta mara tatu.
Wa kwanza ulianza na "Dada mpendwa,"
nikauona unanyoosha mkono kabla ya salamu.
Wa pili ulipiga magoti hadi ukachubuka.
Wa tatu hata sitaki kuusema.

Sasa ni saa nne usiku, Mbale.
Umeme umekatika, chaji imebaki asilimia kumi na moja,
naandika hivi, bila pambo:

Nambozo, nimeomba kazi kwenu.
Ile ya mwonjaji kahawa, ghala la Bugolobi.
Barua niliipeleka Jumatatu, kwa mlango wa mbele,
pamoja na vyeti, na picha yenye tai niliyoazima kwa Wamimbi.
Sikuombi unisemee kwa bosi.
Mbebwa hujikaza, najua,
ila mgongo wako una mizigo yake.
Nataka tu usije ukaliona jina langu mezani
ukadhani nimepita uani kwako nikinyata.
Wakikuuliza, waambie ulichokiona Budadiri:
kwamba naamka mapema,
kwamba kijiko changu hakidanganyi,
na gunia lile lililovunda
nilikiri ni kosa langu
kabla hawajaanza kumtafuta mtu.

Nikatuma.

Tiki mbili. Zikageuka buluu.
"Anaandika" ikatokea, ikapotea,
ikatokea tena,
kama mtu anayesita kizingitini.

Kisha:
"Asante kwa kuniambia mwenyewe.
Meza hiyo ni yangu mpaka Ijumaa.
Droo ya chini hukwama.
Ivute huku ukiinyanyua."