Mikono ya Kuazima

Hendeli ilimrudi Jumatatu,
ikamvunja mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo,
na wiki hiyohiyo pampu ya nozeli ikaanza kuvuja,
dizeli tone kwa tone chini ya mashine,
hata kuku wakawa wanapita mbali.
Hospitali ya Mvumi ikamfunga plasta.
Pampu haikuwa na wa kuifunga.

Fundi wa Dodoma mjini alitaka nauli ya kuja, nauli ya kurudi,
chakula, na laki moja ya kuanzia maongezi.
Nikamwambia Ndahani: kaa kwenye kigoda, wewe sema,
mimi nitafungua.
Akanitazama kama mtu aliyeombwa aazime meno.

Pampu mpya niliipakata njia nzima kama kichanga,
imeviringwa karatasi ya grisi,
elfu themanini na tano, risiti hakuna.

Funga koki ya tangi.
Nimeshafunga.
Spana kumi na saba.
Ninayo.
Legeza bomba la nozeli, usilipinde.
Silipindi.
Miaka kumi na tisa ya ndoa
hatujawahi kusemezana kwa ufupi hivyo
bila mmoja kununa.

Nati tatu. Ya nyuma huioni, unaipapasa
kama yai chini ya kuku anayeatamia.
Pampu ikatoka, ikaacha nyuma yake shimu,
vibati vyembamba kama ganda la kitunguu.
Vingapi?
Viwili.
Hesabu tena, ndiyo taimingi hiyo.
Viwili, baba Lechipya. Kuhesabu walinifundisha.

Nje foleni ya ndoo ilishapinda kona:
uwele, mtama, mahindi kidogo ya kukopa.
Hakuna aliyeuliza lini.
Walikuwa wanasikiliza spana.

Nikabana, nikatoa hewa:
mapovu, mapovu, mapovu,
kisha uzi wa dizeli usio na kovu.
Nikazungusha polepole hadi nozeli ikalia kri, kri,
na Ndahani akafumba macho
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.
"Gumba likae upande mmoja na vidole," akasema,
akiitazama plasta.

Ikawaka.
Ikapanda.
Ikazidi kupanda.
Gurudumu likageuka duara la mwanga,
mabati ya kibanda yakatetemeka, moshi ukawa mweusi,
wanawake wakatawanyika na ndoo zao kichwani
bila kumwaga hata punje,
naye amesimama anapiga kelele neno nisilolisikia.
Nilivua kanga ya kiunoni, nikaisokota,
nikaisukuma kwa ngumi kwenye mdomo wa hewa.
Injini ikameza. Ikakohoa. Ikazima.

Vumbi la pumba likashuka taratibu juu yetu wote wawili.

Neno lenyewe lilikuwa "uma".
Ule uma wa gavana, humo ndani,
unaotakiwa kukishika kipini cha pampu.
Mimi nilikipitisha pembeni,
na mashine isiyoshikwa haijui pa kuishia.
Hakuwa ameniambia.
Hakuficha; miaka yote mikono yake ilifanya yenyewe,
kichwa hakikuwahi kuulizwa.

Tukafungua upya. Safari hii aliinama,
akaingiza mkono wa kushoto, ule wa kijinga, pembeni ya wangu,
akaushikilia uma, nami nikashusha pampu,
vidole vyetu vikiteleza kwenye mafuta yaleyale
mpaka kitu kikasema ka.
Sikuuliza kama ndiyo. Hakusema kama ndiyo.

Tulisaga hadi ndoo ya mwisho, saa tano usiku,
injini ikinguruma kwa adabu,
yeye akipokea hela kwa mkono mmoja
na kukosea chenji.

Kanga yangu iliandikwa NILIJUA UTARUDI.
Injini ilitafuna upande wa pili wote.
Nimeifua kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha tena,
na harufu haijatoka.
Ninaivaa kibandani kila siku na neno lake moja, NILIJUA,
na Ndahani kila nikipita mbele yake
analisoma, anakohoa,
anaanza kutafuta spana ambayo iko mkononi mwangu.