Safari Isiyo na Mgonjwa

Shaame kafungua daftari la duka kwa nyuma,
pale pasipo na majina ya wanaodaiwa,
akapiga mistari miwili, zikatoka safu tatu:
meli ya usiku, hapa hapa Wete,
boti ya asubuhi, Mkoani,
na ndege ya Chake.
Idd ya tatu tuondoke. Siku nne mjini Unguja.
Watu wawili na nusu,
nusu ni Raya, ikiwa hawatamtazama urefu.

Meli, asema, kawia ufike.
Unatandika mkeka, begi unalifanya mto,
ukifumbua macho, Malindi.
Hasemi kwamba katikati ya mkondo
nitakuwa nimeikumbatia ndoo,
nanusa ndimu mpaka ndimu yenyewe ichoke.

Boti ni saa mbili na ushei.
Lakini Mkoani si mlango wa pili:
ni gari la Mbarouk kabla ya adhana,
Mbarouk asiyeamka ila apigiwe simu mara tano,
na vilima vyote vile vikae tumboni
hata bahari hujaiona.

Ndege ni nusu saa.
Safu ya ndege kaandika bei peke yake,
akaizungushia duara
kama mwalimu anavyolizungushia kosa.
Tena mama yake, Bi Mize, kesha leta kuku wawili wa wifi,
wamefungwa miguu kwa ukindu, wako mlangoni wananikodolea.
"Ndege haipakii ndege, mke wangu,"
kanambia, akajichekea mwenyewe.

Nami nikacheka. Kisha nikahesabu yangu.

Nimevuka mara nne.
Ya kwanza, mtihani; nilikwenda nikitetemeka, nikarudi nikilia.
Ya pili, maziko ya ami, tulisimama njia nzima.
Ya tatu, Raya tumboni, kakaa kinyume, hataki kugeuka.
Ya nne ni mama.
Waling'oa viti viwili ili machela ipite.
Hapana aliyeniuliza: Bi Asya, ungependa lipi?
Dharura haina safu tatu.

Mbingu siku ile ilikuwa kavu, haina hata uzi wa wingu.
Mtu nyuma yangu akasema, "Tazama, mikoko ile,"
na vichwa vyote vikageukia vioo.
Mimi nilitazama dripu.
Tone, tone. Niliyahesabu mpaka Kisauni.

Mama alirudi kwa meli.
Yeye chini, penye magunia ya unga na baiskeli za watu,
mimi juu, juu ya mkeka,
najua yuko wapi.

Si ndoo, Shaame.
Miaka sita nakwambia ni ndoo.

Hakujibu. Kalamu akaiweka.
Nikalivuta daftari upande wangu,
siku nne nikazikata, nikaandika mbili.
Kuku wa wifi nikawafungua ule ukindu,
wakajinyoosha, wakaenda zao nyuma ya choo;
Bi Mize nitamkabili kesho.
Kisha, kwa mwandiko wangu ulio mkubwa kuliko wake,
nikaandika: ndege. Ya kwenda.
Ya kurudi tutaizungumza tukiwa huko, tumeshiba.

Viti vitatu, kimoja cha dirishani.
Raya akasema, "Changu!"

La, mwanangu.
Wewe utakaa katikati na baba yako akushike mkono.
Dirishani nakaa mimi.