Ubao wa Kinu

Karatasi yenyewe ni ya mfuko wa unga, kilo mbili,
kahawia, imekunjwa mara nne.
Ukiinusa karibu na mkunjo
bado ina vumbi la mahindi.

Kaptembwo, kinu cha Ombati pale konani,
ubao wa bati: MENENGAI.
Upepo wa Februari ukapanda kutoka ziwani
na lile vumbi jeupe la magadi linalouma macho,
ukang'oa herufi ya kwanza na ya mwisho.
Asubuhi tukasoma: ENENGA.

Watu wazima walipita na madebe yao,
wakasema, Ombati atapaka rangi.
Ile I tuliipata mtaroni,
kuku wa Kemunto ameilalia.
M haikuonekana.
Ni Momanyi tu, kitandani karibu na dirisha,
midomo imekaushwa na homa,
aliyeuliza: imeenda wapi?

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
sikujua kusema sijui.
Nikachana mfuko, nikachonga penseli,
nikahesabu mizani kwenye vidole vyake,
nane, halafu nane.
Gumba mbili zikabaki bila kazi. Tukazicheka.

*Herufi imeanguka, upepo umeivua,*
*Shimoni imetoweka, hakuna anayejua,*
*Enenga imeamka, ina moshi na mvua,*
*Kule watoto hucheka, pasipo wa kuugua.*

Ubeti mmoja. Mwalimu Cherotich angeuliza
moshi na mvua zinafuata nini hapo,
kama si kina.
Momanyi hakuuliza hilo. Alitaka kujua
wanakula nini huko, nani analinda lango usiku,
na wanasemaje, kama M wameipoteza?

Basi lugha ikaanza, kati ya dawa ya saa mbili
na ya saa nane:
kwao mlima ni lima,
mlango ni lango, mwaka ni waka,
na mtu, Momanyi, mtu ni tu.
"Tu basi?"
"Tu."
Akacheka hadi kikohozi kikamkatiza.
"Na mimi je?"
Ukiingia Enenga utaitwa Omanyi.
Akalionja jina. "Hilo ni la mtu mwenye ng'ombe," akasema,
akaridhika, akalala.

Neno moja nililiruka.
Nililiona linakuja, nikalizunguka,
nikasema koroboi imeisha mafuta:
mzima.
Toa M, uone.

Sasa vitabu ni sita.
Kijana wa Webuye amechora ramani ya Enenga,
ametia mito miwili nisiyoiumba. Nimeikubali.
Wapo wanaogombana juu ya ukoo wa Walinda Lango,
nani alimzaa nani, na mimi mwenyewe
hulazimika kufungua kitabu cha pili nihakikishe.
Wanaponiuliza asili, wengine hujijibu:
ni lile shimo la mlimani, mvuke, mizimu.
Nawaachia. Shimo, nasema, ndiyo, shimo.

Katika kitabu cha tatu kuna mvulana dirishani.
Hapigani, harithi kiti, hasemi unabii.
Mhariri aliandika mara tatu nimwondoe,
hadithi haimhitaji.
Mara tatu nilimjibu kwa neno moja.

Ombati alipaka rangi ubao mwezi wa nne.
Tulikuwa tumerudi kutoka Nyamira juzi yake,
udongo mwekundu wa kule ungali kwenye viatu vyangu,
mama hataki viguswe.
M mpya ilikuwa kubwa kuliko wenzake,
imeinama kidogo upande wa barabara.
Nilisimama chini yake na debe.
Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo,
na mtu wa mbele yangu akageuka akaniuliza
kama mimi ndiye wa mwisho.