Utando

Jana usiku niliumimina ndani ya pete ya kioo,
maabara ya ghorofa ya pili, Chiromo, taa moja ikipepesa:
plastiki iliyoyeyuka, mafuta kidogo,
na ile molekuli yenye umbo la bakuli
iliyokaa forodhani wiki saba.
Asubuhi kiyeyushi kimeruka,
umebaki utando, mwembamba kuliko ganda la kitunguu;
ukiushika kwa koleo unajikunja
kama unaona haya.

Kazi yake ni ya bawabu.
Sodiamu hubisha, hafunguliwi.
Potasiamu hujifananisha, hurudishwa
(si kila mara).
Amini akija na protoni yake mkononi
hukalia bakuli,
na mita inaamka.

Mama alikuwa na pua.
Gikomba, kabla ya saa kumi na moja,
alifunua matamvua ya mbuta, akanusa mara moja:
Huyu wa jana.
Huyu wa juzi, amelazwa kwenye barafu ya leo.
Wachuuzi walimwita Kipimo.
Dalali Opondo alimwona akaiita njia nyingine.
Kisha, mwaka ule wa barakoa, homa ikampitia;
ikamwachia pumzi, ikaondoka na harufu.
Hakutuambia.
Tulijua siku alipokula mahindi
kando ya mtaro uliopasuka,
ametulia tuli.

Basi leo nimesaga gramu tano za mnofu,
nikachuja, nikachovya waya wenye ngozi yake mpya.
Mita: mia moja themanini na nne.
Mama, kwenye stuli, mkoba magotini:
"Mia moja themanini na nne ndiyo nini?"
Nikamweleza milivolti, nikamweleza mteremko,
hamsini na saba kwa kila mara kumi.
Akanisikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri basi.
"Nimekuuliza samaki ni wa lini."

Daktari Kyengo anataka vipimo vya kimataifa.
Sawa, atavipata, jedwali la tatu.
Lakini ukutani, kwa kalamu nyekundu, nimeandika
mizani ya mama:
leo
jana
juzi
mpe paka
mpe Opondo.

Alasiri nikajaribu maji ya mto,
chupa niliyoijaza chini ya daraja.
Namba zikapanda, zikashuka, zikakataa kukaa.
Amonia, potasiamu, sabuni, sijui nini tena,
wote mlangoni, wote wanasukuma.
Nikaosha utando mara tatu.
Mto huu una juzi nyingi mno.

Siku arobaini hivi, kisha utando huchoka,
bakuli huvujia ndani ya maji,
na nitamimina mwingine.
Mama atakuja Jumanne na mfuko wa samaki.
Bado huinama kwanza, hufumba macho,
huvuta pumzi ndefu juu ya bika.
Nami bado sisomi mita
mpaka ainue kichwa.