Nyota Mbele ya Neno

Bi Halina alikuja Tengeru kumtafuta shangazi yake
kwenye makaburi ya Wapolandi.
Safu ya tatu. Jina limeliwa na kuvu;
nikalisugua kwa brashi ya viatu.

Tukapumzika. Nikampa asali ya mzinga wangu.
Akalamba kidole, akachora mchangani kwa kijiti
nyota, kisha neno:
*medvědь. Mla-asali.

Ndiye dubu, akasema. Jina lake la kweli
wahenga wao waliogopa kulitaja msituni,
likawafia mdomoni.

Na nyota?
Ungamo la msomi: neno hili hakuna aliyelisikia,
limeokotwa vipandevipande kwa wajukuu zake.

Nikamkumbuka bibi, usiku, mlangoni:
"Pita mbali, kuna kamba."
Kamba yenye macho.

Kwetu sasa, akasema, m imegeuka n:
niedźwiedź.
Asali ilidondoka njiani,
mnyama anaitika tu, hajui alikula nini.

Alipoondoka nikalisugua jiwe la jirani.
Herufi nne zimebaki. Nyingine nilikisia.
Daftarini, kabla ya jina,
nikaweka nyota.